Mlungulungu, Mti wa Miiba Wenye Dawa

Msafiri atokaye Tabora kwa gari la moshi kwenda upande wa Kigoma hupita Usoke, katika nchi ya Unyamwezi, ambako zamani misafara ya Ujiji ilipita kwa miguu. Katika mapori ya nchi hiyo humea mti mfupi uitwao mlungulungu. Watu wa pwani huuita mjafari.

Kuutambua si kazi. Shina lake lina vinundu vikubwa, na juu ya kinundu husimama mwiba. Majani yake ukiyafikicha hutoa harufu kama ya ndimu, wala si ajabu, maana mlungulungu na mndimu ni wa jamaa moja. Matunda yake yakikauka hupasuka, na ndani huonekana mbegu nyeusi zing'aazo.

Wazee huutumia kwa mengi. Kijiti chake ni mswaki. Majani huchemshwa kama chai kwa mwenye kikohozi. Na maganda ya mizizi huchemshwa, maji yake yakanywewa kwa homa. Wataalamu wameyapima maganda hayo katika maabara, wakaona ya kuwa yana vitu viwezavyo kuua vijidudu vya malaria. Basi wazee hawakukosea.

Lakini kuua vijidudu ndani ya chupa si sawasawa na kumponya mtoto. Chungu hakina kipimo: mizizi ya mti mmoja yaweza kuwa na nguvu kuliko ya mwingine, na apikaye leo hapiki kama alivyopika jana. Malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo mtoto akishikwa na homa apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu, na akionekana na malaria apewe dawa ya mseto. Tena mzazi asione haya kutaja dawa yo yote aliyokwisha kumnywesha nyumbani.

Jambo la pili ni mti wenyewe. Achimbaye mizizi yote huuangamiza. Yafaa kukata mizizi michache ya upande mmoja, kisha shimo lifukiwe. Na wakati wa kufyeka shamba miche yake iachwe. Walimu nao wawaonyeshe watoto mti huu, maana asiyeujua ataukata kuwa kuni, na siku ya kuutaka hatauona.