Sabuni na maji

Mimina maji safi katika sahani. Laza sindano kavu juu ya kipande cha karatasi nyepesi, ukiweke polepole juu ya maji. Karatasi italowa na kuzama, lakini sindano itabaki juu, ingawa ni chuma. Sasa gusa maji pembeni kwa kidole chenye sabuni. Sindano inazama mara moja!

Kwa nini? Maji yamefanywa kwa vipande vidogo mno viitwavyo molekuli. Molekuli hizo zinavutana sana. Zile za juu hazina wenzao upande wa hewa, basi zinavutwa na za ubavuni na za chini, na uso wa maji unakazwa kama ngozi ya ngoma. Sabuni inailegeza ngozi hiyo.

Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia mrefu. Kichwa kinapenda maji; mkia unayakimbia, unapenda mafuta. Hata ukizipanga 300,000 moja nyuma ya nyingine, hazifiki milimita 1. Zikitiwa majini zinapanda juu, vichwa ndani ya maji, mikia hewani. Juu pakijaa, zinazobaki zinakusanyika chini kama mipira midogo, mikia katikati, vichwa nje.

Mama anapoosha sufuria ya mawese, mikia inajichoma katika mafuta na vichwa vinabaki katika maji. Mafuta yanakatika kuwa matone, maji yanayachukua. Maji peke yake hayawezi kazi hii. Tena viko vijidudu vya ugonjwa vilivyovikwa utando mwembamba wa mafuta. Kimoja ni kile cha Ebola, kilichojulikana mara ya kwanza huko Yambuku, mwaka 1976. Sabuni inaupasua utando ule, na kijidudu kinaharibika. Mikono iliyomwagiwa maji tu bado haijanawa.

Lakini sabuni ina adui wake, ndiye chokaa. Kakontwe, karibu na Likasi, ni nchi ya mawe ya chokaa. Maji yakipita katika mawe kama hayo yanachukua chokaa, wala jicho haliioni. Chokaa inavishika vichwa vya sabuni, navyo haviwezi tena kukaa na maji. Povu halitoki, unaona utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyoganda, na sabuni inaisha kabla nguo hazijatakata. Watu wanamlaumu mwenye duka bure! Maji ya ndimu nayo yanaiharibu sabuni, yakiirudisha kuwa mafuta.

Dawa ipo. Chemsha maji: chokaa nyingi itashuka na kushika chini ya sufuria kama ganda jeupe. Au loweka majivu ya kuni usiku kucha, chuja vizuri, kisha tia kidogo maji yake katika beseni ya kufulia. Chokaa itatua chini. Mikono ijihadhari tu, maana maji ya majivu yanachoma. Kupita yote, kinga maji ya mvua, maana hayajapita katika jiwe lolote. Humo hata kipande kidogo cha sabuni kinajaza beseni povu.