Pazia lisilofunga vizuri humnyima mgeni usingizi

Wageni wengi wa hoteli wanapoamka wamechoka hulaumu godoro au kelele za magari. Ni wachache wanaotazama dirishani, ilhali yamkini kosa ni la pazia.

Giza linapoingia, mwili hutengeneza homoni iitwayo melatonini, ambayo huutayarisha kwa usingizi. Mwangaza huipunguza homoni hiyo. Hapa Nairobi jua huchomoza mwendo wa saa 12.30 asubuhi mwaka mzima. Kwa hivyo abiria aliyeshuka ndege alfajiri, au dereva aliyekesha barabarani, hulazimika kulala kukiwa kweupe. Huyu anahitaji giza la kutengenezwa.

Ndiyo sababu chumba cha hoteli kinafaa kuwa na mapazia mawili. La kwanza ni jepesi, la shashi, la kumsitiri mgeni mchana bila kuzuia mwangaza. La pili ni zito, lenye bitana isiyopenya mwangaza. Hata hivyo, uzito pekee hautoshi kwa sababu mwangaza hupenyeza pembeni. Pazia lizidi fremu ya dirisha kwa angalau sentimita 15 kila upande, na vipande vyake vipishane katikati.

Mombasa kuna tatizo jingine. Pazia zito huzuia upepo, na mgeni aliyezidiwa na joto atalifungua. Nyumba za Mji wa Kale zilitatua jambo hili zamani kwa madirisha ya vibao vya mbao, vinavyopitisha hewa na kukinga jua. Mwenye hoteli anaweza kuiga mtindo huo, mradi aweke wavu wa kuzuia mbu. Chandarua nacho kibaki kitandani.

Pazia pia hukusanya vumbi, na wadudu wadogo waishio humo huweza kuamsha pumu. Maji ya nyuzijoto 60 huwaua. Kwa kuwa bitana nyingi haziwezi kustahimili joto hilo, ni bora zishonwe ziweze kufunguliwa na kusafishwa kando.

Isitoshe, kamba ya pazia inayoning'inia inaweza kumnyonga mtoto mchanga. Tumia fimbo ya kuvutia badala yake, na usiweke kitanda cha mtoto karibu na dirisha.

Nawe mgeni, kabla ya kufungua mzigo wako, funga pazia na uzime taa. Ukiona mstari wa mwangaza juu ya mto, omba chumba kingine mapema.