Waifai ya kompyuta ikigoma, anzia hapa kabla ya kwenda kwa fundi

Mtoto anataka kusoma kitabu cha kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kaka yake anajaza maombi ya Bodi ya Mikopo, ambayo hufanyika mtandaoni na yana siku ya mwisho. Simu ina bando, hotspoti imewashwa, lakini kompyuta inasema hakuna mtandao.

Kwa familia nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju, kinachofuata ni kubeba mashine kwenda kwa fundi. Hapo kuna nauli na gharama ya ufundi. Tena kuna jambo ambalo wazazi husahau: kompyuta inalala kwa mtu na picha za familia, nakala za vyeti na nywila zote zikiwa ndani. Kumbe mara nyingi tatizo ni dogo.

Kwanza, jua kosa liko wapi. Unganisha simu nyingine kwenye hotspoti hiyo hiyo. Ikipata mtandao, kosa liko kwenye kompyuta. Isipopata, angalia bando na simu yenyewe.

Pili, tazama alama ya ndege. Bonyeza alama ya mtandao kwenye kona ya chini kulia ya skrini. Kama kitufe cha ndege kimewaka, kizime, kisha washa Wi-Fi. Kwenye kibodi pia kuna kitufe chenye picha ya ndege au mnara, ambacho watoto hukigusa bila kujua. Kwenye baadhi ya mashine hubonyezwa pamoja na Fn. Laptopu za zamani nyingine zina swichi ndogo ubavuni.

Tatu, waifai ya jirani inaonekana, ya simu yako haionekani. Simu mpya huweza kurusha hotspoti kwa masafa ya 5 GHz, na kompyuta nyingi za zamani husoma 2.4 GHz tu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, chagua 2.4 GHz.

Nne, kitufe cha Wi-Fi hakipo kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Ukiona Wi-Fi imefifia, ibonyeze kwa upande wa kulia wa mausi, chagua Enable. Isipokuwepo, huenda draiva imepotea, hasa kama Windows iliwekwa upya karibuni. Kama ni kompyuta ya mezani, huenda haikuja na kadi ya waifai.

Hata hapo usikate tamaa. Chomeka simu ya Android kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa USB tethering. Maombi yatamalizika usiku huo huo, na Windows inaweza kuitafuta draiva yenyewe. Waya ukikataa, jaribu mwingine, kwani kuna nyaya zinazochaji tu.

Tano, imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki. Angalia tarehe. Kompyuta za mtumba mara nyingi betri yake ndogo ya ndani imekufa, hivyo saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti salama hukataa kufunguka. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Betri hiyo, kwa kawaida CR2032, hubadilishwa kirahisi.

Ikishika, fungua mipangilio ya mtandao huo na uwashe Metered connection, ili masasisho ya Windows yasimalize bando la wiki kwa usiku mmoja.

Yote yakishindikana, nenda kwa fundi, lakini kwanza hamishia nyaraka na picha kwenye flashi. Mweleze ulichokwisha kujaribu, na umwombe asiiweke Windows upya kabla hamjakubaliana. Ukiweza, kaa hapo hapo mpaka amalize.