Mbwa wa ulinzi: kulea watoto wake mpaka wauzike

Wengi mmeniuliza kuhusu hawa watoto wa mbwa ninaowauza pembeni ya duka, leo naandika yote mara moja.

Soko lipo. Huku Katoro na machimbo ya jirani, mwenye karasha anataka mbwa wa kulinda viroba vya mawe usiku. Mwenye duka anataka. Mfugaji wa Shinyanga vijijini anataka kwa ajili ya fisi. Shida sio wateja, shida ni wangapi wanafika sokoni wakiwa hai. Mbwa anazaa watoto saba, nane, baada ya muda unasikia wamebaki wawili. Hapo umelisha mama miezi minne, miwili ya mimba na miwili ya kulea, halafu hela hairudi.

Wiki mbili za mwanzo kinachoua sana ni baridi. Mtoto mchanga hawezi kujipasha joto mwenyewe, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba mnaujua. Tandika magunia makavu juu ya mbao, sio kwenye sementi, sehemu isiyopitisha upepo. Hakikisha kila mmoja amenyonya ndani ya masaa 24 ya kwanza, maziwa yale ndiyo yenye kinga. Mimi nawapima kwa mzani kila baada ya siku mbili (wateja wangu wa mchele msiogope, wana mzani wao wa zamani, sio wa dukani). Kufika siku ya kumi hivi uzito unatakiwa uwe mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Anayebaki nyuma mpe zamu ya kunyonya peke yake. Na mama usimbanie, akiwa ananyonyesha anakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake.

Minyoo wanazaliwa nayo, inatoka kwa mama. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma usiseme ameshiba. Dawa ya minyoo ya mbwa inaanza wiki ya pili, inarudiwa ya nne, ya sita na ya nane, kwa kipimo cha uzito. Hii minyoo inaingia hata kwa watoto wetu wanaocheza na mchanga, kwa hiyo kinyesi zoa kila siku.

Kuanzia wiki ya nne nawapa uji mzito wa dona na dagaa wa ziwani waliosagwa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maziwa ya ng'ombe mengi yanawaharisha. Sasa hapa wenye maduka nisikilizeni: mahindi yaliyoloa yakaota ukungu usiyapeleke kwa mbwa eti yasipotee. Ule ukungu unaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu inaharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, sembuse mtoto wa mbwa wa kilo mbili. Na walioko karibu na mwalo au ilusheni, fungia watoto ndani ya uzio na uwape maji safi. Maji ya marudio yana zebaki au sianidi, akiyalamba unaweza kumpoteza.

Ugonjwa unaomaliza banda zima ni parvo. Anatapika, anaharisha damu, ndani ya siku chache kafa, na kirusi kinabaki kwenye udongo miezi mingi. Chanjo yake inaanza wiki ya sita hadi ya nane na inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ukienda duka la dawa za mifugo angalia inatolewa kwenye friji. Iliyokaa juani ni maji tu hayo. Banda lisafishe kwa jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30.

Kichaa cha mbwa ni chanjo nyingine, muone afisa mifugo wa kata wakifika miezi mitatu, inarudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, fuatilia matangazo ya chanjo siku hizo. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hakuna dawa.

Kuuza, usishuke chini ya wiki nane hata mteja akikubembeleza. Mtoto wa wiki tano akifia kwake, anakutangaza mtaa mzima. Majike wanasumbua kutoka, wengi wanataka dume, mimi nawashushia bei kidogo na wanalinda vilevile. Mnunuzi anaondoka na karatasi yenye tarehe za dawa na chanjo, ya lini inafuata, na nusu kilo ya unga wetu aliouzoea ili tumbo lisichafuke njiani. Nauli ya bodaboda ni yake.