Kifua Kikibana Salamabila: Uanze na Kipimo Gani?

Anayebanwa kifua kila anapopanda kilima cha Namoya, kisha maumivu yakatulia akikaa, huenda misuli ya moyo wake inakosa damu ya kutosha. Shauri linalokuja upesi ni kuuza dhahabu aende nje akapigwe IRM, yaani picha ya mashine ya sumaku. Asianze huko.

Aanze na elektrokardiograma, ya bei nafuu kuliko vyote, kisha ekografia ya moyo. Vikitoka safi asijidanganye: vyote hufanywa mtu amelala ametulia, na mshipa ulioziba nusu huweza kujificha. Ndiyo maana kuna kipimo cha kutembea kwenye mkanda, na juu yake IRM ya mtiririko wa damu.

Hiyo ndiyo ghali. Unalazwa ndani ya mashine ya sumaku karibu saa moja, unachomwa dawa ya kutanua mishipa, mara nyingi adenosini, kisha gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Misuli iliyopungukiwa na damu hubaki nyeusi kwenye picha. Haina mionzi, wala waya hauingizwi hadi moyoni. Katika utafiti wa MR-INFORM wa 2019, wenye wagonjwa 918, walioanza na IRM walizibuliwa mishipa asilimia 36, walioanza na waya asilimia 45. Mwaka ulipoisha wa IRM hawakuwa wamedhurika zaidi. Faida yake iko hapo: kuepuka matibabu usiyoyahitaji.

Lakini usihesabu mashine peke yake. Safari ya kupitia Fizi na Uvira ni nauli ya watu wawili, malazi na chakula. Tena si kila hospitali yenye IRM hupima moyo. Aga Khan ya Nairobi hupima. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa 2015, huingiza waya na kuzibua mshipa.

Kabla ya kuondoka piga simu: je, bei ina gadolini, adenosini, kipimo cha figo na ripoti ya daktari? Taja pumu, ugonjwa wa figo, betri ya moyo na, jambo zito kwetu tulioona vita, kipande chochote cha chuma au risasi mwilini, kwani sumaku huweza kukivuta. Saa 24 kabla usinywe chai wala kahawa. Huzuia adenosini, na pesa yote imepotea.

Aliyebanwa kifua akiwa amekaa tu, zaidi ya robo saa, jasho likimtoka, asingoje IRM yoyote: mpelekeni hospitali ya karibu saa hiyo hiyo.