Rejista ya Ardhi Yahamia Mtandaoni: Mfumo wa Ardhisasa na Mzizi wa Hati

Ardhisasa ni mfumo wa mtandaoni ambao Wizara ya Ardhi ya Kenya huutumia kutunza rejista ya umiliki, kutoa matokeo ya upekuzi na kupokea maombi ya kuhamisha ardhi. Ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 27 Aprili 2021, ukaanza na masjala za Nairobi, kisha ukapelekwa kaunti moja baada ya nyingine, Murang'a ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Mahali ambapo haujafika, faili la karatasi ndilo linaloendelea kuwa na nguvu ya kisheria. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye shamba au ploti ni kumbukumbu zake ziko katika masjala gani, na kama masjala hiyo imekwisha kuhamishwa.

Msingi wa kisheria ulikuwapo kabla ya mfumo wenyewe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamruhusu msajili kuweka rejista kwa njia ya kielektroniki, na inamtaka awafungulie wananchi taarifa zilizomo. Hata hivyo, wizara ilipotaka kuzihamishia shughuli za uuzaji mtandaoni, Chama cha Wanasheria cha Kenya kiliipinga mahakamani mwaka 2018, kikidai kwamba hakukuwa na kanuni za kuongoza kazi hiyo. Kanuni zilitungwa mwaka 2020, na mwaka huohuo bunge likarekebisha sheria kadhaa za biashara ili saini ya kielektroniki itambuliwe kwenye nyaraka za ardhi. Ucheleweshaji huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa na maana: ardhi si kitu cha kuuzwa kwa saini ambayo hakimu hawezi kuitambua.

Ugumu wa kuhamisha kumbukumbu hizi umetokana na historia. Hadi 2012 Kenya ilikuwa na sheria kadhaa za usajili zilizotumika sambamba. Pwani ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1908, iliyotungwa ili kupambanua mashamba ya watu binafsi na ardhi ya serikali ya kikoloni katika ukanda uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Ardhi ya walowezi na ya mijini iliandikishwa chini ya sheria nyingine, kila kipande kikiwa na ramani yake iliyopimwa. Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliokusanya vishamba vilivyotawanyika katika maeneo ya Waafrika na kuvitolea hati za mtu mmoja mmoja, mara nyingi mipaka ikiwa ni ua au mtaro tu. Kila utaratibu ulikuwa na daftari lake, aina yake ya namba na aina yake ya ramani.

Sheria ya 2012 ilizifuta sheria hizo na kuagiza rejista moja. Tangu hapo wizara imekuwa ikibadilisha namba za zamani kuwa namba mpya zenye jina la eneo, kitalu na kiwanja, na kutangaza orodha zake katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwenye hati ya zamani hutakiwa kuirudisha ili apewe mpya. Hatua hii hupuuzwa kwa urahisi, na ndiyo yenye athari kubwa. Anayetafuta ploti yake mtandaoni kwa namba ya zamani anaweza kuambiwa kwamba haipo, ilhali ipo chini ya namba nyingine. Orodha hutangazwa mapema ili anayeona kosa la jina au la ukubwa wa ardhi alalamike kabla kosa hilo halijaingia katika rejista mpya.

Kuna pia historia ya wizi. Tume iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 chini ya wakili Paul Ndung'u iliwasilisha ripoti yake mwaka uliofuata, ikieleza jinsi viwanja vya shule, masoko, misitu na akiba za barabara vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mafaili yalitoweka, kurasa zikang'olewa, na kipande kimoja kikapewa hati mbili. Mfumo wa mtandaoni unasaidia hapa, kwa sababu kila anayefungua kumbukumbu au kuibadilisha huacha alama ya jina lake na saa aliyofanya hivyo. Karani hawezi tena kulificha faili chini ya meza hadi apewe kitu kidogo.

Kuutumia mfumo huanza kwa kufungua akaunti. Mwananchi huhitaji kitambulisho cha taifa, namba ya simu na PIN ya Mamlaka ya Mapato, KRA. Majina yake hulinganishwa na yale yaliyo katika rejista ya watu ya serikali, na ujumbe wenye namba ya siri hutumwa kwenye simu yake. Mawakili, wapima ardhi na wathamini wana akaunti za kitaaluma. Simu hapa ni ufunguo hasa. Mkenya aliyehamia Doha au Boston na kuiacha laini yake ya nyumbani ikafungwa hataweza kupokea namba hizo, na kumkabidhi ndugu simu pamoja na nywila ni sawa na kumkabidhi uwezo wa kuidhinisha mauzo. Anayetaka mtu amwakilishe ana njia ya kisheria ya kufanya hivyo: hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili na kusajiliwa.

Baada ya akaunti, mmiliki huthibitisha kwamba ardhi iliyoandikwa kwa jina lake ni yake, kwa kupakia nakala ya hati na kitambulisho. Kazi hii inafaa kufanywa hata na asiye na nia ya kuuza, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ndogo hujitokeza: jina la ubatizo lililo kwenye hati lakini halimo kwenye kitambulisho, tarakimu iliyopinduka, ekari zisizolingana na ramani. Kosa la namna hii hurekebishwa kwa urahisi wakati hakuna anayegombania ardhi. Likigunduliwa siku mnunuzi ameshatoa malipo ya kwanza, hugeuka kuwa mgogoro.

Upekuzi ndiyo huduma inayotafutwa zaidi. Mwombaji huingiza namba ya kipande, hulipa ada kwa simu au benki, na hupata maelezo ya mwenye ardhi aliyesajiliwa, ukubwa wake, kama ni ya kudumu au ya kukodi kwa miaka maalumu, na mizigo iliyo juu yake. Mizigo hiyo ndiyo ya kusomwa kwa makini. Rehani ya benki huonyesha kwamba mkopo haujaisha. Zuio huonyesha kwamba kuna mtu anayedai haki fulani, pengine mke, ndugu wa marehemu au mnunuzi wa awali. Nalo zuio ni kinga ya wenye haki wasiotajwa kwenye hati: mwenye madai ya halali anaweza kuomba liandikwe, na ardhi haitahamishwa kabla madai yake hayajashughulikiwa.

Uhamisho wenyewe una hatua ambazo mtandao umezifupisha bila kuzifuta. Shamba la kilimo bado huhitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ada za ardhi zinazodaiwa na kaunti hulipwa kwa kaunti yenyewe, na kodi ya ardhi ya kukodi hulipwa kwa serikali kuu. Mthamini wa serikali hukadiria bei, na kutokana na makadirio hayo hutozwa ushuru wa stempu: asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya mjini iliyokadiriwa kuwa ya shilingi 5,000,000, mnunuzi hulipa ushuru wa shilingi 200,000. Muuzaji naye, tangu Januari 2023, hutozwa asilimia 15 ya faida aliyoipata. Mwenye ardhi hupata taarifa kwenye akaunti yake na kutakiwa kuridhia. Akiona taarifa ya mauzo asiyoyajua, akatae mara moja na kumwarifu msajili.

Kizito kuliko yote ni kwamba skrini safi haiisafishi hati yenye mzizi mbovu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaitambua hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilikipa kifungu hicho nguvu kamili katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichogombaniwa kiko Nyali, kando ya bahari. Kiligawiwa Rais Daniel arap Moi mwaka 1989, kikauzwa kwa kampuni moja, na kampuni hiyo ikakiuza kwa Dina. Mwaka 2017 kaunti iliubomoa ukuta wake ili kuifungua njia ya umma ya kwenda ufuoni. Mahakama iliamua kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hivyo hakuna aliyepata haki halali ya kukiuza. Nia njema ya mnunuzi wa mwisho haikumwokoa.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo iliongeza kwamba barua ya ugawaji pekee haimfanyi mtu kuwa mmiliki. Barua hiyo ni ahadi yenye masharti, nayo haimpi mtu ardhi mpaka masharti yatimizwe na usajili ufanyike.

Maamuzi haya yanastahili kujulikana na kila anayenunua ardhi, kwa kuwa yamebadilisha maana ya uangalifu. Zamani wakili alitosheka na upekuzi wa siku ileile ya kuuza. Sasa inabidi kurudi nyuma: ardhi ilitoka kwa nani, iligawiwa lini, ramani ya kwanza ilionyesha matumizi gani. Sehemu kubwa ya majibu hayo haimo katika matokeo ya upekuzi wa mtandaoni. Hupatikana katika faili la zamani, katika idara ya upimaji, katika Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na kwa majirani wanaokumbuka kama pale palikuwa uwanja wa shule.

Mirathi nayo huzifunga kumbukumbu nyingi. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyefariki zamani, na mfumo hauwezi kumtumia marehemu namba ya siri. Warithi hulazimika kwanza kwenda mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, wapewe usimamizi wa mali, ugawaji uthibitishwe, ndipo majina yabadilishwe. Familia inayongoja mpaka mnunuzi atokee hujikuta ikigombana kwa haraka juu ya jambo lililohitaji utulivu.

Kosa likionekana katika rejista, msajili ana uwezo wa kurekebisha makosa madogo ya kiuandishi, na mengine kwa ridhaa ya wahusika. Palipo na udanganyifu au mabishano ya umiliki, shauri huenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inaweza kuagiza usajili ubatilishwe.

Lipo pia eneo kubwa ambalo mfumo huu haujaligusa, kwa kuwa halijasajiliwa kabisa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilizipa jamii za Turkana, Samburu, Garissa na Tana River, pamoja na nyingine, haki ya kusajili ardhi yao ya pamoja. Lakini lazima kwanza jamii ijitambulishe, iandikishe wanajamii wake, ichague kamati ya usimamizi na ikubaliane na majirani juu ya mipaka. Maeneo hayo ya malisho hayataonekana katika Ardhisasa kabla kazi hiyo haijafanywa, na mpaka yasajiliwe, sheria inaziachia serikali za kaunti jukumu la kuyashika kwa niaba ya wenyewe.