PIKIPIKI KUUKUU BADO INA KAZI



Wengi wenu hapa Munisagara mnaijua pikipiki yangu. Kabla hamjaniona mimi, mnasikia mlio wake na kuona moshi wake wa buluu. Ni Yamaha DT 125. Ilitengenezwa Japani kwa ajili ya njia mbaya. Tumbo lake liko juu, tairi zake zina meno, na madigadi yake ya mbele haigusani na gurudumu. Pikipiki za namna hii zilitumiwa sana na mabwana shamba katika miaka ya 1980 na 1990. Siku hizi vijana wanaendesha Boxer na TVS. Lakini zile kuukuu bado zipo, na zikitunzwa zinapanda milima.

Mimi niliwahi kutoitunza. Sikiliza yaliyotokea.

Siku moja nilikuwa napeleka chanjo ya kideri katika kitongoji kimoja cha mlimani. Chanjo hiyo huitwa I-2. Kila kuku hutiwa tone moja jichoni. Kina mama walikuwa wameambiwa wasifungue kuku asubuhi. Wakakaa kuningoja, kuku wako kwenye matenga. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Mimi nilikuwa njiani nasukuma pikipiki. Injini ilikuwa imekamata. Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, haipandi wala haishuki.

Kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Pikipiki hii ina matangi mawili. Moja ni la petroli. Jingine ni dogo, ni la oili. Pampu ndogo huvuta oili na kuipeleka kwenye injini, nayo huungua pamoja na petroli. Ndiyo maana unaona moshi wa buluu. Petroli nilijaza. Oili sikuitazama kwa wiki tatu. Tangi lilikuwa kavu.

Nilifika saa saba mchana. Kuku walikuwa wamefunguliwa zamani, wametawanyika vichakani. Tulikamata wachache tu. Mwezi haukuisha, kideri kikaingia. Mama mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, kuku wangu wamekufa kwa ajili ya kikombe cha mafuta." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mwezi huu siandiki juu ya mahindi. Naandika juu ya pikipiki.

OILI NI DAMU

Kama pikipiki yako ina tangi la oili la pembeni, litazame kila asubuhi. Tumia oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za aina hiyo. Usitie oili iliyotumika. Tangi likikauka hata mara moja, hewa huingia katika mpira unaokwenda kwenye pampu. Kujaza tu hakutoshi. Legeza skrubu ndogo ya pampu, acha oili itoke mpaka mapovu yaishe, kisha kaza. Kama hujui skrubu hiyo, mwombe fundi akuonyeshe. Tazama kwa macho yako anavyofanya.

Mafundi wengine hung'oa pampu na kukuambia uchanganye oili na petroli mwenyewe. Inawezekana. Lakini siku utakayonunua petroli ya chupa barabarani na kusahau oili, utasukuma kama mimi.

Pikipiki mpya kama Boxer hazina tangi hilo. Oili yake inakaa chini ya injini. Hiyo pimwa kwa kijiti chake au tazama kioo chake, nayo imwagwe na kubadilishwa kwa wakati. Oili nyeusi kama lami imekwisha kazi.

VUMBI

Wakati wa kiangazi njia zetu ni vumbi tupu. Injini inavuta hewa, na pamoja na hewa inavuta vumbi. Vumbi husaga pistoni na ringi zake kama jiwe la kusagia. Kinachozuia ni kichujio cha hewa, ile sponji iliyo ndani ya kisanduku chini ya kiti. Katika kiangazi mimi huitoa kila wiki. Naifua kwa maji na sabuni, naikamua bila kuisokota, naianika kivulini. Ikikauka, naipaka oili kidogo na kuikamua tena. Watu wengine huifua kwa petroli karibu na jiko. Jambo hilo ni la hatari, petroli hurukia moto kutoka mbali.

Kuna vijana wanaoitoa sponji kabisa ili pikipiki "ipate pumzi". Inapata pumzi kweli, kisha inapata kifo.

KUIREKEBISHA KWA MILIMA

Pikipiki ikitoka kiwandani haikujua kwamba utabeba gunia la mahindi mpaka mlimani. Unaweza kuisaidia.

Jambo lililonifaa zaidi ni sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma, gawanya kwa meno ya ile ya mbele. Tuseme nyuma ni 45 na mbele ni 15. Jibu ni 3. Ukifunga ya nyuma yenye meno 48, jibu ni 3.2. Pikipiki sasa ina nguvu zaidi ya kupanda. Lakini hakuna cha bure. Pale ulipokuwa unakwenda kilometa 80 kwa saa, kwa injini ileile utakwenda 75. Kwa mtu wa milimani hiyo si hasara. Anayekwenda Mikumi kila siku aache meno yake kama yalivyo. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa pingili. Na cheni iliyochakaa isifungwe kwenye sproketi mpya, itaila.

Cheni yenyewe iwe na ulegevu kidogo, sentimita 3 hivi katikati. Pima mtu akiwa amekaa juu ya kiti. Cheni iliyokazwa sana hukatika pikipiki inapozama shimoni.

Pili ni keria. Fundi wa kuchomelea aitengeneze kwa bomba la chuma, nayo ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo. Asichomelee fremu ovyo, maana chuma kilichoungua hukatika. Kabla hajawasha mashine yake, ng'oa waya za betri. Mzigo mzito ukae chini na karibu na mwendeshaji. Ukiuweka juu na nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na kwenye mteremko usukani haukusikilizi. Mimi nimeongeza pia bati nene chini ya injini, kwa sababu ya mawe.

Spoku zigonge kwa spana kila mwezi. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo. Iliyolegea hulia "dub". Moja ikilegea, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hukatika.

MTO

Hapa sitaki mzaha. Mto Mkondoa tunaujua. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yake yalivunja nyumba Kilosa na kukata reli. Maji yaliyong'oa reli hayashindwi na pikipiki. Maji yakiwa mekundu na yanakwenda kasi, kaa ng'ambo. Lala huko ikibidi.

Katika vijito vidogo, shuka kwanza, pima kina kwa fimbo. Ukivuka, minya breki kidogo kidogo huku ukienda polepole mpaka zikauke. Breki zilizolowa hazishiki.

Kama injini imezama, usipige kiki. Maji ndani ya silinda hayabonyei, yatapinda vyuma. Ng'oa plagi kwanza, ndipo upige kiki polepole maji yatoke katika tundu lake. Mwaga petroli iliyomo katika kabureta. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, ibadilishe kabla ya kuwasha.

Plagi ukiitoa, itazame rangi. Ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta ina maana petroli au oili ni nyingi, au sponji imeziba. Nyeupe kama majivu ina maana injini inaungua. Simama hapo, usiendelee.

Katika mfuko wangu chini ya kiti sasa mna plagi moja, spana ya plagi, kiraka na solusheni, pingili ya cheni, waya wa klachi, na chupa ya nusu lita ya oili. Chupa hiyo siitumii kwa lingine lolote.

Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Siku ya chanjo tafadhali msifungue kuku. Mama yule mzee amenunua matetea mawili mengine, na ameniambia atakuwa wa kwanza kwenye foleni.